Doriani lilinishinda kwa harufu. Nifanyeje nilionje vizuri?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Iringa. Januari nilikwenda Unguja kwenye harusi ya rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Baba yake alitupeleka shamba, na wakati wa kurudi akanunua madoriani mawili yaliyokwishapasuliwa, akayaweka nyuma ya gari. Mvua ilikuwa inanyesha, tumefunga vioo. Tulipofika mjini nilikuwa na kichefuchefu. Nyumbani nikapewa kokwa moja na nyama yake, nikaitia mdomoni, nikashindwa, nikaitema kwenye leso. Mzee hakusema neno, ila niliona amesononeka. Mwakani narudi, na safari hii nataka kulila kwa moyo mmoja. Je, tatizo ni ulimi wangu au ni tunda? Nilichague na kulila vipi? Ni kweli ukila doriani ukanywa pombe unakufa, na soda je? Mama yangu ana kisukari, naweza kumpelekea? Na kokwa zake nikizipanda Iringa zitaota?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa lililokukuta. Nianze na linalokuuma zaidi: ulimi wako ni mzima, na doriani la mzee wako huenda lilikuwa zuri sana asubuhi lilipookotwa. Ila lilikufikia likiwa limekaa wazi saa kadhaa, likafungiwa nawe garini, na pua yako ikalijua kwa muda mrefu kabla mdomo haujaambiwa kitu. Mimi nimekulia Pemba chini ya midoriani miwili ya babu yangu, na kazi yangu ya miaka yote ni miti ya matunda, na bado siku ile ningeomba gari lisimame.

Wala wewe si wa kwanza. Alfred Russel Wallace, mwanasayansi Mwingereza aliyeifikia nadharia ya uteuzi asilia sambamba na Darwin, alizunguka visiwa vya Wamalay tangu 1854 hadi 1862. Alipokutana na doriani mara ya kwanza, huko Malacca, lilikuwa ndani ya nyumba, na harufu ikamchukiza hata asilionje. Baadaye akiwa Borneo, kisiwa kikubwa cha huko, aliokota lililoiva chini ya mti, akalila pale pale nje. Tangu siku hiyo akawa mlaji wake wa kudumu, na akaandika kwamba kulionja doriani peke yake kunatosha kumfunga mtu safari ya kwenda Mashariki. Mtu yule yule, tunda lile lile. Kilichobadilika ni mahali na wakati.

Sasa nikueleze kwa nini mahali na wakati vina nguvu kiasi hicho, maana ukilielewa hili nusu ya kazi imekwisha. Jaribu jambo moja leo, huko huko Iringa. Chukua pichi lililoiva, bana pua kwa vidole viwili, kisha tafuna kipande. Utapata utamu na ukali kidogo, basi. Halafu achia pua huku unaendelea kutafuna, na pichi zima litakujia. Harufu ina milango miwili. Mlango wa mbele ni matundu ya pua. Mlango wa nyuma uko kooni, pale mdomo na pua vinapokutana, na unapotafuna na kumeza, mvuke wa chakula hupandia huko. Hicho tunachokiita ladha ya embe au ya pichi, sehemu yake kubwa ni harufu inayopita mlango wa nyuma, ikiwa imeshachanganyika na sukari, mafuta na ulaini ulio mdomoni. Ubongo huihukumu harufu moja kwa namna mbili kutegemea mlango iliyoingilia.

Huku kwetu tuna ng'onda, yaani samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Mgeni akipita penye meza ya muuzaji hugeuza uso. Akiandaliwa ng'onda huyo huyo kwa tui la nazi na mbirimbi huomba aongezwe. Nawe nadhani dagaa unawajua.

Doriani limelizidisha jambo hili kuliko tunda lolote ninalolijua. Wataalamu wa kemia ya chakula wa Munich, Ujerumani, walilichambua na mwaka 2012 wakatoa orodha ya viini zaidi ya 40 vinavyotoa harufu. Vingine ni vya matunda matamu, vingine vinakumbusha asali, na vingine ni vya salfa, ukoo mmoja na vile vinavyotoka kwenye kitunguu na kitunguu saumu. Mwaka 2017 wakaonyesha kwamba viini viwili tu vikichanganywa kwa kipimo chake, mtu hulitambua doriani: kimoja kinanukia tunda, kingine kinanuka kitunguu kilichochomwa. Mwaka huo huo wanasayansi wa Singapore walisoma vinasaba vya mdoriani wakakuta jeni zinazotengeneza viini vya salfa zimejirudia nakala nyingi, na kwamba tunda linapoiva hufanya kazi kwa nguvu sana. Kwa hiyo harufu ile si uozo. Ni kazi ambayo mti unaifanya kwa makusudi yake, ili kuwaita wanyama kutoka mbali waje wale na kusambaza kokwa. Kwao, katika misitu ya Borneo na Sumatra, wanaoitika ni tembo na sokwe wakubwa wenye manyoya mekundu waitwao orangutani.

Viini vya salfa ni vyepesi, huruka haraka na pua huvikamata hata vikiwa kidogo sana. Kimojawapo kilichomo kwenye doriani ni kile kile kinachotiwa katika gesi ya kupikia ili ikivuja tuijue. Aprili 2018 maktaba ya chuo kikuu kimoja huko Melbourne, Australia, ilihamishwa watu zaidi ya 500 kwa kudhaniwa kuna gesi imevuja, kumbe lilikuwa doriani lililoozea kabatini. Sasa rudi kwenye gari lenu. Mlango wa mbele ulipigwa na salfa njia nzima, na zile harufu za asali na matunda, ambazo ni pole zaidi, zikafunikwa. Kokwa ilipofika mdomoni, mwili wako ulikuwa umeshaamua kwamba hiki ni kitu cha kukimbiwa. Mwili uliamua vizuri kwa habari uliyokuwa nayo.

Kwa hiyo safari ijayo tunalinda mambo matatu: doriani liwe limeanguka karibuni, lipasuliwe mbele yako, na uwe nje penye upepo.

Kwanza ulijue kwa sura, kwa sababu wageni wengi wa bara huchanganya. Fenesi ni kubwa, lina vichomozi vifupi visivyochoma, na huning'inia kwenye shina. Stafeli ni la kijani, miba yake ni laini, ukiibonyeza inalala. Doriani ni la ukubwa wa kichwa cha mtoto au zaidi, mara nyingi kati ya kilo moja na tatu, na miba yake ni mifupi, minene, migumu, inachoma kweli kweli. Jina lenyewe limetoka huko huko kwa Wamalay, ambao mwiba wanauita duri. Usilishike kwa kiganja kitupu. Shika kikonyo, au lifunge kwa kitambaa kizito.

Ukienda soko la Darajani mjini Unguja au ukisimama kwa wauzaji wa barabarani upande wa shamba, muulize muuzaji swali moja kabla ya bei: limeanguka lini? Huku hatulipandii kulichuma, tunangoja mti uliachie wenyewe. Wathai hufanya vingine, hulikata likiwa bado juu na kuliacha liive ghalani, na ndiyo maana doriani lao lina nyama ngumu zaidi na harufu ya upole. La kuanguka huwa limekamilika, ila siku zake ni chache. Mimi napenda lililoanguka usiku uliopita. La siku mbili bado ni chakula. Likizidi hapo ndani huanza kuchachuka, na uchachu huo mgeni asianze nao. Huko Malaysia na Sumatra huiacha nyama ichachuke kwa makusudi pamoja na chumvi, wakaipikia samaki, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Tazama kikonyo. Kikiwa kibichi na kina unyevu palipoachana na mti, ni jipya. Kikiwa kimesinyaa na kukauka, limekaa. Kisha lilete karibu na sikio na kulitikisa taratibu. Doriani lililoiva hutoa mlio hafifu wa kugonga, kokwa na nyama yake zimeachana kidogo na ganda na zinagusa ukuta. Zikiwa kimya kabisa halijawa tayari, na likilia kama maji limepita. Halafu nusa, lakini nusa kwenye mistari inayoshuka toka kikonyoni hadi kitako, siyo kwa kulisogelea lote. Unatafuta harufu nene yenye utamu. Ukipata ukali wa siki, liache. Angalia pia matundu madogo yenye unga unga, hiyo ni dalili ya kiwavi. Na hata likiwa limejipasua lenyewe kidogo, muuzaji akikwambia ndiyo limeiva vizuri, mwambie akutafutie jingine. Hewa ikishaingia, saa zinahesabika.

Jambo moja kuhusu huku kwetu. Midoriani mingi ya Unguja na Pemba imetokana na kokwa, haikubebeshwa, yaani haikuungwa kwa kijiti cha mti uliochaguliwa, kwa hiyo kila mti una tabia yake. Malaysia wana aina zilizosajiliwa zenye namba na majina, kama Musang King iliyosajiliwa 1993, na mnunuzi anajua anachokipata. Kwetu mnunuzi anaujua mti. Babu yangu alikuwa na miwili, hatua arobaini baina yake, mmoja ukitoa nyama ya njano yenye uchungu kidogo mwishoni, mwingine nyeupe tamu tupu kama maziwa ya kopo. Sisi watoto tuligombania wa nyeupe. Yeye alikula wa njano, na mimi leo nakula wa njano. Wewe anza na nyeupe. Mwambie muuzaji hujawahi kula na unataka la upole, atakuelewa, na wengi wao watakuwa na hamu ya kuona uso wako.

Ukialikwa shambani, usisimame chini ya mdoriani wakati wa msimu, hata kwa picha. Kilo mbili za miba kutoka juu ya mti si jambo la mchezo. Usiku tulikuwa tukisikia kishindo, puu, kisha kimya, na mdogo wangu ananishika mkono gizani: "Hilo letu." Lakini babu hakuruhusu mtu atoke mpaka kupambazuke, na tulipotoka majani yalikuwa bado na umande, tukienda kwa kufuata pua.

Kulipasua, mwachie anayejua, ila tazama, kwa kuwa raha imeanza hapo. Analisimamisha kitako juu. Kitakoni miba hukutana kama nyota, na kutoka hapo mistari mitano hivi, hafifu, hushuka kuelekea kikonyoni. Ndiyo mishono ya tunda. Anachomeka ncha ya kisu pale katikati ya nyota, anakizungusha, na ganda linaachia kwa mlio mkavu. Kisha anaweka kisu pembeni, anatia vidole vya mikono yote miwili kwenye ufa, gunia likiwa chini ya viganja, na kulipanua. Ndani ganda ni jeupe pe, laini kama ngozi ya ndani ya sufi. Si ajabu: mdoriani ni ukoo mmoja na msufi, mbuyu, pamba, bamia na kakao. Nyama imelala vyumbani mwake, kila chumba kama mtumbwi, kokwa mbili tatu au zaidi zimepangana, zimevikwa kitu chenye rangi ya siagi. Usitegemee wingi. Katika doriani la kilo mbili utapata nyama ya nusu kilo hivi, pengine pungufu.

Sasa kula. Kaa nje, upepo utokee nyuma yako. Usiwe na njaa kali wala usiwe umeshiba. Usilinuse tena, kazi ya pua ya mbele imekwisha. Shika kokwa moja kwa vidole vitatu. Juu utaona ngozi nyembamba yenye vikunjo, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Ng'ata taratibu, meno yapite utando ule na kuingia kwenye ulaini ulio chini yake. Usitafune haraka. Ponda nyama kwa ulimi juu ya kaakaa, meza kidogo, kisha fanya hili ambalo ndilo siri yote: funga mdomo, na toa pumzi polepole kupitia puani. Hapo ndipo mlango wa nyuma unapofunguka.

Kitakachokuja kwanza ni utamu na mafuta, kama kastadi iliyopikwa kwa mayai mengi, au parachichi lililoiva lililosagwa na maziwa mazito. Kisha lozi. Kisha, ukipumua, kitunguu, lakini siyo kile cha garini. Ni kile cha mtu anayekaanga vitunguu vya biriani nyumba ya pili, vimefika rangi ya kahawia, na harufu inakufikia wewe uliyekaa na bakuli la kitu kitamu. Vitu hivi viwili havikupaswa kukaa pamoja, na vimekaa. Kwa baadhi ya miti kuna uchungu mdogo mwishoni, kama wa sukari iliyoungua kidogo, ambao unausafisha utamu na kukufanya utake tena. Tunda hili halina maji ya kuchuruzika wala ukali wa ndimu. Linakaa mdomoni, zito, na ladha yake inaendelea kubadilika baada ya kumeza, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Embe limeshasema lake lote katika dakika ya kwanza.

Kula kokwa moja tu siku hiyo. Ikikupendeza, mbili. Ikikushinda tena, iweke chini bila haya, kunywa maji, ujaribu siku nyingine kwa doriani la mti mwingine. Wengi hawalipendi mara ya kwanza hata likiwa bora. Mwili hujifunza kwamba harufu ile haikuleta madhara, ukaja shibe na utamu, na mara ya tatu au ya nne huanza kuifurahia. Na wapo wasiolipenda maisha yao yote, nao ni watu wazima wenye akili zao. Mke wangu ni mmoja wao, na mimi hulila barazani.

Ukimaliza, mimina maji ndani ya ganda tupu na unawe humo. Wamalay ndio wenye desturi hiyo, nami nimeizoea. Sabuni na ndimu pia zinafaa. Mabaki usiyalete ndani, na usifikirie kubeba kwenye ndege, mashirika mengi hayakubali. Singapore hata treni za mjini zimelipiga marufuku.

Kuhusu pombe, ukweli uko katikati. Mwili unapoivunja pombe hutokea sumu ya muda, ambayo kimeng'enya fulani cha ini huiondoa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walionyesha maabara kwamba dondoo la doriani lenye salfa nyingi lilikizuia kimeng'enya hicho hadi kwa asilimia 70. Ni njia ile ile inayotumiwa na dawa wanayopewa walevi ili pombe iwachukize. Kwa hiyo mtu akichanganya anaweza kuona uso unawaka, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu. Majaribio yale yalifanywa maabara, kwa hiyo sisemi kwamba kila anayechanganya atakufa, lakini mwenye moyo dhaifu au ini bovu asijaribu, na mzima naye sioni sababu ya kujitafutia. Kama ulanzi unakunyweka, uache siku hiyo. Soda ni hadithi nyingine kabisa. Hakuna sumu inayozaliwa kwa doriani kukutana na soda. Kuna sukari juu ya sukari na tumbo lililojaa gesi, na hilo ni tabu tosha. Kunywa maji au dafu.

Mama. Hapa naomba unisikilize vizuri. Doriani si kama papai. Gramu 100 za nyama yake zina kalori 147 hivi, wakati ndizi mbivu ina 89 na papai 43. Wanga ndani yake, ambao mwingi ni sukari, unafika gramu 27, na kuna mafuta gramu 5, kitu adimu kwa tunda. Kokwa mbili nene zinaweza kufika gramu 100. Mwenye kisukari hakatazwi kuonja, lakini iwe kokwa moja, iwe mahali pa wanga mwingine wa mlo ule na siyo nyongeza juu ya wali, na apime sukari yake baadaye aone. Muulize daktari wake kwanza, hasa kama figo zake zimeguswa, kwa sababu doriani lina potasiamu nyingi na figo dhaifu hazimudu kuitoa. Na kwa kuwa kulisafirisha zima hadi Iringa ni siku nzima ya boti na basi, zawadi ya mama iwe karafuu, mdalasini na iliki. Siku ukiweza, mlete mwenyewe aje aonje.

Na mzee wa rafiki yako, usimwendee na msamaha mrefu. Ukifika, mwambie tu: "Shikamoo baba, nimekuja tena, nichagulie doriani." Nawajua wazee wa huku. Atavaa viatu kabla hujamaliza sentensi.

Nimalizie na kokwa zako. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mdoriani ni mti wa joto na unyevu wa tambarare. Baridi ya Juni na Julai ingeuua ukiwa mche. Lakini kama una ndugu Kyela, pana matumaini, maana kule kakao inastawi, na hawa ni ukoo mmoja wenye mahitaji yanayokaribiana: joto, mvua nyingi, udongo wenye kina usiotuamisha maji. Shida ni safari. Kokwa ya doriani haivumilii kukauka, haiwekwi kama mahindi. Ikikaa juani hata siku chache imekufa. Ioshe nyama yote, ifunge ndani ya vumbi la mbao au makumbi ya nazi yenye unyevu, siyo yanayotiririka maji, na ifike ndani ya siku tatu nne. Kwenye kiriba ilaze ubavu, udongo uifunike nusu tu, weka kivulini, mwagilia kila asubuhi. Ndani ya wiki moja hivi utaona mzizi. Mche uhamie shambani ukishafika mwaka, chini ya mgomba utakaoufunika jua kwa misimu ya mwanzo, na waambie ndugu zako wasiwapige mawe popo wa jirani, kwa sababu ua la mdoriani hufunguka jioni na kupukutika kabla ya alfajiri, na kwao Asia popo ndio wanaolichavusha. Mti wa kokwa huchukua miaka saba hadi kumi kabla ya kuzaa. Chukua kokwa kutoka doriani utakalolipenda, siyo kutoka lolote, ingawa mtoto hafanani na mama kwa yote, na panda tatu nne ili upate la kuchagua.